Kibandiko cha Kiunoni

Baada ya kupasuliwa moyo, nilizinduka nikiwa na kibandiko kiunoni, upande wa nyuma, juu ya figo. Waya wake ulikwenda kwenye kioo kidogo chenye namba. Daktari alinieleza kwamba moyo ukishaguswa, figo zaweza kukosa oksijeni kimyakimya, na mkojo huchelewa kutoa habari. Namba ikishuka, wangejua mapema na kuziwahi figo zangu. Nikasema sawa. Mwalimu mstaafu wa Karungu kama mimi hakatai jambo lililoelezwa vizuri.

Shida ilikuwa gauni la hospitali, wazi mgongoni, na aliyekuja kuniuguza alikuwa mke wa mwanangu. Mwanangu yuko kisiwani Remba na biashara ya samaki. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki. Kwetu Wajaluo mimi siingii hata chumbani kwa binti huyu, na kwao Wakuria mambo ni makali zaidi. Sasa nesi alikuwa akija kila mara kufunua blanketi aangalie kibandiko, binti yupo pale na chupa ya uji. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Basi binti alipotoka kuosha kikombe, nilipeleka mkono nyuma nikakibandua. Mashine ikalia, lakini nesi alikuwa ameshikwa na mgonjwa mwingine. Alikawia.

"Kimejitoa chenyewe," nikamwambia alipofika. Mzee mzima, nadanganya.

Alipokirudisha, namba ilikuwa imeshuka sana. Akamwita daktari, wakarekebisha dripu, wakasimama wakikikodolea kioo macho mpaka ikaanza kupanda. Hakuna aliyenigombeza. Heri wangenigombeza.

Binti alikuwa mlangoni na kikombe, ameona yote. Alisogeza kiti akakaa akinipa mgongo, macho kwenye kioo.

"Baba, usitoe hiyo kitu tena," alisema polepole. Sisi wawili huongea Kiswahili, kwa kuwa Kijaluo bado kinamsumbua.

"Nesi ananifunua na wewe uko hapa," nikasema. "Hiyo si heshima."

Aliweka kikombe sakafuni.

"Ile siku ulikuwa hujaamka, hii kitu ilitoka juu ya jasho. Nesi alikuwa peke yake. Ni mimi nilikushikilia ukigeuzwa, ndio abandike."

Nilivuta blanketi mpaka kidevuni, naye akaanza kunisomea namba bila kugeuka.