Taa Mbili za Olow

Wananchi watukufu wa Garissa, wa Ijara, wa Sangailu, pamoja na nyinyi mnaosikilizia vichakani: mnatangaziwa rasmi kwamba Bwana Olow, mwenye pikipiki kubwa kuliko zote katika barabara isiyo barabara, amefunga taa mbili za ukungu. Ni za manjano. Zina swichi yao peke yao. Maendeleo yamewafikia, na safari hii yamekuja hadi na nyaya.

Pikipiki yenyewe iliundwa kwa ajili ya mzee wa Ulaya aliyestaafu, azunguke nayo dunia, kahawa kwenye chupa na masanduku mawili ya bati jepesi ubavuni. Huku ililetwa na mradi wa kuwasaidia wafugaji. Mradi ukafia kwenye semina, mashine ikauzwa, Olow akainunua. Masanduku ya kahawa yakaanza kubeba wanambuzi na dawa za ngamia. Kiti cha nyuma, kilichotengenezewa makalio ya mke wa yule mzee, kikawa ambulensi. Ambulensi ya kweli tunayo pia. Picha yake imo kwenye kalenda.

Mkao wa mjamzito juu ya pikipiki ya Olow unajulikana: mama katikati, mwanamke mwingine nyuma yake akimkumbatia, na Olow mbele akisoma dua zote anazozijua. Zikiisha, anaanza upya.

Shida ilikuwa ukungu. Watu wa Nairobi wakisikia Kaskazini Mashariki hufikiria jua tu. Waje Ijara baada ya mvua, alfajiri, wautafute mkono wao. Ukiwasha taa kubwa ndani ya ukungu ule, mwanga unakurudia usoni kana kwamba umemulika shuka. Mwaka jana Olow alimbeba dada yake Ramla asubuhi ya namna hiyo, kwa mwendo wa punda mgonjwa, miguu yote miwili ikiburura chini kutafuta njia. Mtoto hakungoja. Alizaliwa kando ya barabara, kitovu kimemzunguka shingo, na walipofika hospitalini Masalani muuguzi alimfunika tu, hakuuliza jina.

Mwaka huu Ramla akashika mimba tena, na miezi ikahesabika ikaangukia mvua zilezile. Olow akapanda kwenda Garissa mjini.

Fundi wake huko ni Gitau, mtu wa bara aliyekuja kujaribu bahati akasahaulika kwenye joto. Kibanda chake kinanuka mpira ulioungua. Alizigeuza zile taa mkononi kama mtu anayechagua maembe.

"Hizi zinakaa chini kabisa, hapa kwa vyuma vya kukinga injini," alisema. "Mwanga unapita chini ya ukungu. Ile taa kubwa unazima, ndiyo inakuharibia."

"Weka mbali-mbali," Olow akasema kwa ulimi wake wa Kisomali, usioijua herufi p. "Moja huku, ingine kule. Mimi nataka kuona mbaka bembeni."

"Ziko mbali tayari, boss."

"Ongeza. Wallahi, ni dada yangu nabeba, si makaa."

Gitau akachomelea vipande vya chuma kila upande, akazitokeza taa nje kama masikio ya ngamia aliyeshtuka. Akavuta waya kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, akabonyeza swichi. Kibanda kizima kikawa cha manjano.

"Hapa sasa umetoka kwa pikipiki, umeingia kwa lori," akasema, na wote wawili wakacheka.

Walicheka vizuri sana, na hakuna aliyeenda kusimama mbele.

Asubuhi yenyewe ikaja. Kaaha, mama mkwe wa Ramla, alipiga simu kutoka boma lao lililo kwenye njia ya kwenda Ijara. Mume wa Ramla alikuwa mbali, machungani na ngamia, kama waume wote wenye akili.

"Olow, chupa imepasuka. Namleta barabarani. Kimbia, ukungu ni mzito."

"Ukungu niachie mimi," Olow akamjibu, na mtandao ukakatika hapo.

Akazima taa kubwa, akawasha zile mbili. Njia ikafunguka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona mashimo kabla ya kuyaingia. Aliona mawe, akaona kinyesi cha ngamia, akaona pembeni zote mbili kama alivyotaka. Akaongeza mwendo. Akaanza hata kuimba.

Lakini tuhamie upande wa Kaaha, aliyesimama kando ya njia na mkwewe anayeugulia uchungu kwenye mkeka. Anaona nini yeye? Anaona taa mbili za manjano, ziko chini, ziko mbali-mbali, zinakuja kwa kasi ndani ya ukungu. Pikipiki ina taa moja. Hii ni gari.

Na huku kwetu gari la alfajiri huleta wageni wa aina mbili: wenye sare, wanaokuja kukuuliza maswali, na wa msituni, wanaokuja kukuuliza kwa nini uliwajibu wale wa kwanza. Mtoto wa miaka mitatu anajua la kufanya. Ukiona taa mbili kabla ya jua, hungoji kusikia ni injini ya nani. Unaingia kichakani, unalala kifudifudi, unanyamaza. Ukiitwa, huitiki. Nao pia wanayajua majina.

Kaaha akashika ncha ya mkeka, akamburuta Ramla ndani ya miiba.

Olow alifika akakuta sufuria ya chai inatoa moshi, kandambili moja, na ukungu. Akaita. "Ramla! Kaaha! Ni mimi, Olow!" Hakuna. Akaita tena hadi sauti ikakwaruza. Mahali hapo, kimya kamili ni dalili kwamba watu wapo, na Olow analijua hilo kuliko mimi. Lakini mtu aliye juu ya pikipiki haioni pikipiki yake ikija. Akili yake haikufikiria gari lolote. Ilimwambia wamepata usafiri mwingine, wametangulia. Akageuza taa zake nzuri, akakimbilia Masalani kwa mwendo ambao hakuna aliyewahi kuukimbia ndani ya ukungu. Hospitalini hawakuwa wameona mtu.

Alipokuwa anarudi jua lilikuwa limetoka, ukungu umepanda, na taa amezizima. Wakatoka kichakani.

Kaaha alikuwa amebeba kitu kilichofungwa ndani ya shuka lake. Alikibeba kwa mikono miwili, mbali kidogo na kifua, kwa hiyo Olow hakuuliza.

"Alilala vibaya tumboni, miguu mbele," Kaaha akasema. "Nilivuta. Sikuwa na mwingine wa kunisaidia."

Ramla alikuwa amekaa chini, damu imelowesha gauni hadi magotini. Alimtazama kaka yake, kisha akazitazama zile taa.

"Nilikusikia, walaal," alisema.

"Mbona hukuniitika?"

"Nilimwambia ni Olow. Akaniziba mdomo."

"Sauti hata wao wanazo," Kaaha akasema. Hakuwa anajitetea.

Olow akamfunga Ramla mgongoni kwake kwa leso, akampeleka Masalani. Wakamshona, wakamwongeza damu, akaishi. Yule mwingine walimzika mchana huohuo, mvulana, karibu na kichuguu.

Baada ya wiki kadhaa Olow alirudi Garissa. Gitau aliyasikiliza yote akiwa ameshika bisibisi, akasahau kuiweka chini. Kisha akavua kofia, akasema maneno marefu ya kanisani: juu ya mipango ya Mungu, juu ya maua yanayochumwa mapema, juu ya vile binadamu hajui kesho yake. Jicho moja likamlengalenga. Mwishowe akauliza, kwa unyenyekevu mkubwa, kama mtu anayeomba msamaha kwa niaba ya umeme wote duniani:

"Sasa ndugu yangu, nizing'oe? Nizitupe kabisa usizione tena?"

Olow aliangalia pikipiki.

"Toa hii ya kushoto," akasema. "Moja ni bikibiki."