Kamera Niliyofunga Zizini

Leo nimejua ni nani amekuwa akimaliza maziwa yetu.

Wiki mbili ndoo ya asubuhi imekuwa ikipungua. Nikamshuku Mama Achieng, jirani anayetukamulia tangu aache kuchuma majani chai. Jumapili nikamwambia asirudi. Hakubishana. Alinawa mikono, akaenda.

Maziwa yakaendelea kupungua.

Basi jana nikatoa simu yangu ya zamani, ile ya kioo kilichopasuka, nikaiwekea app ya kamera na kuifunga kwa waya juu ya mlango wa zizi.

Leo asubuhi nimekamua, nikaacha ndoo hapo, nikaingia jikoni kutazama kwa simu hii nyingine.

Akaingia baba yangu.

Alimwaga maziwa polepole kwenye beseni, huku akimwita ndama tuliyemuuza nikiwa bado shule ya msingi.

Nikatoka mbio. "Baba, unafanya nini?"

Akaniangalia kwa upole. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamshika mkono, nikamrudisha ndani.

Nimeenda kwa Mama Achieng kuomba msamaha. Nikamwonyesha video. Hakushangaa.

"Nilijua kitambo," akasema.

"Sasa mbona ukakubali nikufukuze?"

"Mzee aliniomba nisikwambie. Kila asubuhi aliniomba. Halafu siku moja akasahau kuniomba, nikajua hali yake imefika mbali."

Amekubali kurudi kesho.

Nyinyi mliouguza mzazi hivi, niambieni. Mtu huanzia wapi?