Kiatu cha Kushoto cha Mukendi

Ninyi wa shirika letu la sala pa Shituru mliniuliza Jumapili ile nilikuwa wapi hata kiti changu kikakaliwa na mtu mwingine. Nilikuwa safarini. Nilienda Buluo kuuokoa mguu wa shemeji yangu Mukendi, ule uliobaki. Ule mwingine nilishauzika mwenyewe miaka iliyopita, ugonjwa wa sukari ulipouharibu na daktari akaukata. Hapo ndipo kosa lilipoanza, na kosa ni langu, kwa hiyo mkicheka mcheke mwishoni.

Mukendi amemwoa mdogo wangu Ngoie. Ni mtu wa kanisa la uamsho, lile la vipaza sauti; mimi ni Mkatoliki tangu tumboni. Siku ile ya kukatwa yeye alikuwa bado amelala kwa dawa, wakanikabidhi mimi kifurushi. Sasa mtu afanye nini na mguu? Niliupeleka makaburini, kwenye safu ya wazazi wangu, nikaunyunyizia maji ya baraka, nikasimika msalaba mdogo wenye jina lake. Sikumwambia. Basi mwaka huu, siku ya wazazi, watu walipokwenda kusafisha makaburi, muumini mmoja wa kanisa lake akalisoma lile jina. Mbio mpaka Buluo kumpa Ngoie pole ya msiba. Aliyemfungulia mlango ni Mukendi.

Alhamisi asubuhi Ngoie akanipigia simu. "Yaya, kaka yangu, kuya mbio! Muguu ya pili iko na kidonda. Dokta anasema kesho njo mwisho, kisha pale sumu itapanda mwilini. Na Mukendi anakatala kwenda hospitali!"

Saa tatu nilipita mjini kwa padri, maana Ngoie alisema ubishi wenyewe ni wa siku ya mwisho ya dunia, na mimi madarasa nilisoma mawili tu.

"Mzee," padri akaniuliza, "si kila Jumapili unasema unasadiki ufufuko wa miili?"

"Ninasema, Padri. Ila wakati ule mara nyingi ninawaza chakula."

Akacheka. Akaniambia siku yenyewe hakuna anayeijua, si sisi wala wao. Bwana atakuja, wafu watafufuka na miili yao, na aliyetuumba hawezi kushindwa kutafuta mguu. "Mwambie hivyo, na usibishane naye."

Njiani, juu ya pikipiki, niliyakariri maneno ya padri kama mtoto aliyetumwa dukani. Mwenye pikipiki alikimbia vibaya, na kila shimo lilinidondoshea neno moja. Tulipopita karibu na ukuta wa gereza nikawaza kwamba na wale waliomo ndani wanangoja siku wasiyoijua. Nilipoacha kuwawaza wafungwa, maneno yote ya padri yalikuwa yameisha kichwani.

Saa sita nilifika. Mukendi alikuwa kibarazani, mguu umefungwa vitambaa, umewekwa juu ya kigoda kama mgeni wa heshima.

"Karibu, mzishi wa miguu!" akanipokea. "Umekuya kuchukua ya pili?"

"Nimekuja kukusalimu, shemeji."

"Uongo. Sikia: parapanda ikilia, kanisa yetu tutanyakuliwa juu. Miye nitapanda na muguu moja, ile ingine iko kwa Wakatoliki, na maji ya baraka! Sasa bakate na hii? Nitasimama mbele ya Bwana na nini? Na matako?"

"Mukendi!" Ngoie akapiga kelele toka jikoni.

"Ni swali ya dini, mama!"

Nikasema yetu, akasema yake. Nikamwambia kanisa lake lina kelele hata wafu hawahitaji parapanda. Akaniambia letu lina usingizi hata parapanda haitatosha. Tulikula bukari, ugali wetu, na samaki huku tunabishana. Nilimwona anakunja uso kila kidonda kilipomchoma, nikaogopa kwamba nitashinda maneno na kumzika mtu mzima.

Alasiri alichoka. Akatazama kiatu chake cheusi pembeni ya mlango, cha kulia, cha siku ya ndoa yake. "Hata kiatu ya kushoto Ngoie alinipotezea," akanung'unika.

"Sikupoteza!" Ngoie akajibu. Ugomvi huo wana miaka nao.

Nikaona aibu. "Ngoie hana kosa," nikasema. "Kiatu iko na muguu."

Mukendi akanigeukia.

"Ulizika kiatu ya ndoa yangu?"

"Niliuvalisha. Na soksi. Nikafunga kamba mara mbili."

"Juu ya nini, sababu gani?"

"Sasa ungetaka ufufuke peku, na hizi njia zetu za mawe?"

"Basi weye unaamini kweli itatembea."

"Sikuwaza sana, shemeji. Nilifunga kamba tu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Kisha akalia kweli. "Ngoie," akasema, "tafuta gari ya kesho. Ila tupite kwanza kwa muguu."

Ijumaa asubuhi tulisimama makaburini, yeye na magongo yake. Alikataa maji ya baraka, mimi nikakataa kupiga kelele. Tukapatana Baba Yetu. Nilipofika mwisho wetu nikasema Amina, naye akaendelea peke yake, ufalme na nguvu na utukufu, kama wanavyosali wao. Nikamngoja.

Hospitalini walikata vidole viwili tu. Mguu ukabaki. Jumapili nilikaa naye, misa ikanipita, nimekwisha kuungama.

Jumatatu, nikirudi nyumbani, nilipita tena makaburini na vile vidole, nikavizika pembeni ya mguu. Nikasali Baba Yetu, nikasema Amina, kisha nikaongeza na kipande cha Mukendi, pole pole, nisikosee.

Nilichojifunza ni kidogo. Nimewaambia watoto wanizike safu ile ile. Siku Bwana atakapokuja, Mukendi atakuja akirukaruka na kiatu kimoja kutafuta cha pili. Mimi nitaomba ruhusa kidogo tu, niiname, nimkazie kamba.