Maganda ya Mahindi Yanataka Maji Kwanza

Nakumbuka vizuri, mwanangu, ile siku mama mkwe wangu alipotugombeza mimi na mume wangu kama watoto wadogo, uani kwetu Musonoi, hapa Kolwezi, majirani wakisikia kila neno. Kosa letu lilikuwa kutengeneza vitu vizuri mno. Usicheke. Kaa hapa nikueleze, maana naona unavyohangaika na huyo mtoto wako mdogo anayelilia simu kila unapomkalisha chini. Kuna mambo mengi ukiniuliza nitakuambia sijui. Hili nalijua.

Nilikuwa bado mke kijana. Mume wangu Rafaeli, kambo yako, yaani babu yako, alikuwa fundi katika karakana ya mgodi, na dada yake aliolewa na mtu wa Sandoa. Yule dada akafariki huko, akaacha binti mdogo wa miaka minne hivi, jina lake Rozali. Baba wa mtoto alibaki na shamba na huzuni, hakuweza vyote viwili pamoja na kulea. Ukoo wake ukakubali mtoto aje kwetu mpaka kiangazi kiishe, halafu waone. Mkubwa wa ukoo, Tata Muteba, ndiye aliyemleta kwa lori, na hakutuficha kitu.

"Mi nitarudia kumuona," alisema. "Kama anakaa muzuri, abakie. Kama anakatala nyumba, ninarudia naye. Hapana kukasirika."

Kukataa nyumba, kwa watu wa ukoo ule, kulikuwa na maana yake. Mtoto akihamishwa, akakaa kimya bila kusema na wenyeji, basi ameikataa nyumba yao, na hakuna wa kubishana naye. Na Rozali hakusema. Alisikia, alitii, alikula bukari yake, ugali wetu, akanawa mikono, lakini neno hakutoa. Hakulia hata. Nami nilimpenda tangu aliposhuka kwenye lori ameshika viatu vyake mkononi ili visishike vumbi. Sikuwa bado na mtoto wa kumzaa mwenyewe, na nilimtaka yule kwa moyo wote.

Sasa sikia tulivyofanya, mimi na Rafaeli. Tulianza kushindana.

Rafaeli alitangulia. Alirudi kutoka kazini na motoka ya waya, na sisemi kwa sababu alikuwa mume wangu, ile motoka ilikuwa na adabu zake. Magurudumu ya vifuniko vya makopo ya maziwa, usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama, na milango iliyofungwa kwa uzi wa shaba unaong'aa. Rozali aliitazama, akaiweka kando, akaenda kukaa kizingitini. Watoto wa jirani ndio walioiendesha mpaka mwisho wa barabara. Baada ya siku chache uzi wa shaba ulikuwa umefunguliwa na mtu tusiyemjua, milango ikawa inaning'inia. Kitu chenye shaba, Kolwezi hii, hakikai, hata kikiwa cha mtoto.

Mimi nikasema moyoni, mwanamume anajua nini. Nikatoa cherehani yangu. Mikono yangu ilikuwa na sifa Musonoi nzima, mabibi walikuwa wanatoka mbali kuniletea vitambaa vya harusi. Nikamshonea Rozali mdoli wa kitambaa, wenye rinda lenye lesi, macho ya vifungo, nywele za uzi zilizosukwa. Nikampa kwa mikono miwili. Akaushika kwa heshima, kama unavyoshika sahani ya mgeni, akaenda kuulaza juu ya kitanda changu. Changu, si chake. Nililia jikoni siku ile, na sikusingizia moshi.

Rafaeli akarudi na ndege ya bati. Mimi nikashona nguo za mdoli. Yeye akaleta baiskeli. Nyumba ikajaa kama duka, na mtoto katikati yake kimya.

Kiangazi kikawa kinaelekea ukingoni. Ndipo mama mkwe wangu akaja na treni kutoka Mutshatsha, ambako alikuwa anaishi kwa mwanawe mkubwa. Alikuja na gunia la mahindi, bado yamo ndani ya maganda yake, na miguu iliyovimba kwa safari. Rozali alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyezikwa bila yeye kufika kumwaga udongo. Alimkalisha mapajani, akamnusa kichwa muda mrefu, hakumwuliza kitu. Kisha akaangalia ile foleni ya motoka, ndege, baiskeli na nguo za mdoli.

"Bitu hibi byote ni bya nani?"

"Ni bya mutoto, mama," Rafaeli akajibu, akiwa amejaa fahari. "Mi njo nilimutengenezea. Na bibi yangu naye alimutengenezea pupe." Alimaanisha mimi na ule mdoli.

Mama mkwe akavuta pumzi, na mimi niliyemjua nikaanza kutafuta pa kusimama.

"Munamutengenezea, munamutengenezea! Na nani anatengeneza naye? We Rafaeli, mutoto haiko mukubwa yako wa kazi, unamuletea kazi imeisha aangalie kama iko muzuri. Na we, muke wa mwana wangu, mikono yako iko na akili mingi, lakini umemuachia huyu mutoto kazi gani? Ya kusema aksanti? Hata ile anakosa nguvu ya kuisema. Mama yake alikufa! Munamupa bitu bya kutazama!"

Rafaeli, fundi mzima mwenye watu chini yake, alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Jirani upande wa pili wa ukuta akaacha kutwanga ili asikose neno.

Nilikasirika, mwanangu, nisikudanganye. Lakini ile tofauti ya maneno ilinikaa kichwani. Kumtengenezea. Kutengeneza naye. Kiswahili chetu kina sauti ndogo tu kati ya hayo mawili, na mimi nilikuwa nimepita juu yake kiangazi kizima.

Asubuhi yake tulikaa uani kumenya yale mahindi, mama mkwe, mimi, na Rozali. Maganda yakawa yanajaa kwenye mkeka. Mama mkwe akanikonyeza, akasingizia miguu inauma, akaingia ndani kulala. Nikabaki na mtoto na rundo la maganda. Nikamwambia Rozali, "Mi minataka kufanya pupe na haya maganda. Sijue sana, lakini tujaribu." Na kweli nilikuwa sijui, sikuigiza. Mimi ni mtoto wa mjini hapa, utotoni tulichezea waya, makopo na vizibo vya chupa. Mdoli wa ganda la mahindi nilikuwa nimeusikia tu.

Nikachukua ganda, nikalikunja. Likapasuka. Nikachukua la pili, nikalikunja kwa taratibu zaidi. Likapasuka vilevile. Rozali naye alikuwa amechukua lake, amelilaza gotini, hafanyi kitu, ananitazama mikono. Mshonaji wa nguo za harusi nikaanza kutoka jasho mbele ya ganda la mahindi. Nikalivuta la tatu kwa hasira, likachanika katikati kwa sauti kubwa.

"Apana," akasema Rozali.

Nilidhani ni jirani. Nikageuka, nikaona midomo ya mtoto inatikisika, uso umekunjamana kama wa mwalimu aliyechoka na mwanafunzi.

"Apana. Maji mbele."

Maji kwanza, yaani. Akasimama, akaenda kwenye beseni la maji, akalivuta kwa mikono yake yote miwili mpaka kwenye mkeka, huku likimwagikia miguu. Akazamisha maganda, akayakandamiza chini. Kisha akakaa kuyasubiri, kwa utulivu wa mtu anayeijua kazi yake. Nami nikakaa. Ninaishukuru ile busara iliyonishika, sijui ilitoka wapi, kwa sababu roho yangu ilitaka kuruka, kupiga kelele, kumwita Rafaeli, kumwita mama mkwe, kumkumbatia mtoto nimvunje mbavu. Nikauliza tu, "Na sasa?"

"Sasa inakuwa laini. Mama anafungaka kichwa mbele. Kisha mikono."

Mama yake alikuwa amejifunza kule Sandoa kwa wakwe zake, akamfundisha yeye. Tulitengeneza mdoli. Ulikuwa mbaya, mwanangu! Kichwa kimeinama, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, nywele za ndevu za mahindi zinadondoka kila ukiugusa. Mara moja nilinyoosha mkono niurekebishe ule mkono mrefu, akanisukuma kidole. Nikaacha. Mlangoni nilimwona mama mkwe amesimama, ameziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtiririka, kwa sababu alikuwa amesikia kazi ya mikono ya binti yake ikitajwa.

Kuanzia hapo alisema, kidogo kidogo, na karibu kila mara alikuwa ananikosoa. Tulifanya midoli mingi mibaya. Rafaeli naye nikampa amri: usilete motoka iliyokwisha, leta waya. Akaleta waya, wakakaa chini wote wawili, na wakatoa motoka yenye magurudumu ya umbo la yai iliyokuwa inapepesuka kama mlevi. Rozali aliivuta mpaka sokoni.

Lakini mbele ya wageni bado alikuwa anafunga mdomo. Ndivyo alivyokuwa siku Tata Muteba aliporudi. Alikuta tumekaa mkekani, maganda yameenea kote. Akamsalimia mtoto. Kimya. Akamwuliza kama anakula vizuri, kama analala vizuri. Kimya, na uso umefichwa nyuma ya bega langu. Nikataka kumwambia, Tata, anasema, tangu juzi hizi anasema! Lakini nani atakayemsadiki mwanamke anayemtaka mtoto? Nikamwona anamtazama Rafaeli kwa huruma, kama mtu anayejiandaa kutoa habari ngumu.

Akakaa kwenye kiti, akaokota ganda moja kavu kwenye mkeka, basi tu, mikono ya mtu anayetafuta maneno. Akalikunja. Likapasuka.

"Apana, tata," ikasema sauti nyuma ya bega langu. "Maji mbele. Uliza Mama."

Na alininyooshea kidole mimi.

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Hata mimi sikuwa nimemwomba, niliogopa kuchukua jina la marehemu. Tata Muteba aliliangalia lile ganda lililopasuka, akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi. Kisha mzee yule, na suruali yake ya safari iliyopigwa pasi, akatoka kwenye kiti akakaa chini mkekani pamoja nasi.

"Basi, mama," akaniambia, "leta hayo maji."

Aliondoka kesho yake peke yake, na mdoli mmoja mbaya mfukoni.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na nakupa bila kusitasita. Kila siku mpe mtoto wako muda mdogo wa kutengeneza kitu pamoja nawe, na kisiwe kitu cha dukani. Uani pako pana kila kitu. Udongo wa kichuguu unafinyangika vizuri ukiuponda na kuulowesha, fanyeni vyungu, kuku, hata treni ya Mutshatsha. Makopo, vizibo, vipande vya kitenge, vijiti, maganda. Ncha kali za bati na waya uzikunje wewe kwanza, hiyo ndiyo kazi ya mtu mzima. Rangi nyeusi ipo kwenye makaa, nyeupe kwenye unga wa muhogo, kijani kwenye majani ya matembele. Lakini yale mawe ya kijani na ule udongo wa rangi unaotoka kwenye mashimo ya mgodi, hata ung'ae namna gani, usiruhusu viingie mikononi mwake. Vina sumu, na mikono ya mtoto inaishia mdomoni, na mashimo yale watoto wetu wanayakaribia mapema kupita kiasi, tusiwafundishe njia. Mtoto mwenye kazi ya kupendeza nyumbani kwake hana haraka ya kufuata wakubwa huko.

Na akitengeneza, usimrekebishie. Najua mikono itakuwasha, yangu inaniwasha mpaka leo. Mkono mrefu uache uwe mrefu. Kikivunjika, mwulize yeye afanyeje. Kama hujui, sema hujui, utaona anavyokua mbele ya macho yako. Usikitupe jalalani akiona, na usimwonyeshe cha mtoto wa jirani kwamba ndicho kizuri. Simu sikukatazi, mimi mwenyewe naipenda ya kwangu, lakini simu inamtengenezea kila kitu na haimwombi msaada wowote. Wewe mwombe. Mtoto anakaa kwenye nyumba inayomhitaji.

Nenda sasa, mchukue huyo mtoto wako, keti naye chini hata kama nguo itachafuka. Mungu aibariki mikono yako iwe na subira, ailinde midomo ya mwanao isinyamaze kwa huzuni, na akupe maisha marefu, mwanangu, mpaka mtoto huyo awe mtu mzima na bado anakwambia, "Apana, mama, si vile."