Maji ya Baba Stesheni ya Gulwe

Siku yangu ya kwanza jeshini, sajini wa platuni alitupanga mstari, akawa anapita akimuuliza kila mmoja alikuwa anafanya kazi gani kwao. Mmoja akasema seremala, mwingine mwalimu, mwingine mvuvi wa ziwani. Akanifikia mimi.

"Kazi?"

"Kuchunga ng'ombe."

"Afande!"

"Kuchunga ng'ombe, afande."

"Basi hapa utachungwa wewe, uone raha yake."

Wenzangu wakacheka, wakaambulia kuruka kichura kuzunguka uwanja mzima. Nami nikaruka nao, ingawa sikucheka. Ndivyo jeshi lilivyo, wajukuu zangu. Platuni ni kama askari thelathini hivi, mnalala hanga moja, mnakula bwalo moja, na mmoja akikosa mmekosa wote. Nyie siku hizi mkikaripiwa kidogo tu mnasema mna msongo wa mawazo. Haya bwana.

Na kuchunga msikudharau. Nilizaliwa ng'ambo ya mto, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka stesheni ya Gulwe, katika tembe, ile nyumba yetu ya Kigogo yenye paa bapa la udongo ambalo mama alianikia mtama. Kiangazi mto ule unakuwa mchanga mtupu, mgeni akiuona atadhani ni barabara. Tulichimba katikati yake mpaka maji yakatokea, tukayachota kwa kibuyu na kuyamimina kwenye hori. Ng'ombe walikunywa kwa zamu, maana wakivamia wote kisima kinabomoka. Baba alisimama pembeni akimwita kila ng'ombe kwa jina lake, na aliyeitwa ndiye aliyekuja. Ukiniuliza nidhamu nilijifunza wapi, nitakwambia ni pale, kabla sijamwona afande yeyote. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando yakiwepo. Maziwa yale jamani! Hadi leo nikiyakumbuka mate yananijaa.

Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa kwanza wa kiume, kwa hiyo zizi lilikuwa la kwangu kesho na keshokutwa. Nilipomwambia baba kwamba nataka kwenda jeshini, hakunigombeza. Alikuwa mtu wa maneno machache. Sasa, pale kwetu, mtu akisafiri safari ndefu, baba yake huchukua maji mdomoni, akampulizia kichwani na kumwambia, "Nenda urudi, mwanangu." Bila hayo umeondoka, lakini hujaagwa. Asubuhi ya safari nilipiga magoti mlangoni, mama amesimama na kibuyu cha maji. Baba akakitazama kile kibuyu, akachukua fimbo yake, akaenda kufungua zizi.

"Ng'ombe hawajanywa," akasema, akaondoka nao.

Nikaondoka kichwa kikavu. Mama alilia mpaka nikataka kurudi.

Ukuruta, yaani ule muda kabla hujafuzu kuwa askari kamili, ulinishinda pabaya. Kwata ni kutembea na kugeuka kwa amri, na mimi nilizoea kutembea kwa mwendo wa ng'ombe. Nikiugua homa, nasema moyoni ni yale maji. Nikikosa shabaha, ni yale maji. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nitafia ugenini bila baba yangu kuwa radhi nami. Niliibeba hofu hiyo kila siku, na sikumwambia mtu.

Mchana mmoja wa jua kali nikapangiwa lindo la ghala la chakula. Askari wa lindo husimama mguu sawa au mguu pande, hakuna mguu wa tatu. Lakini mchungaji wa kwetu akisimama kutwa porini hukanyaga kwa mguu mmoja, unyayo wa pili ameupachika gotini, ameegemea fimbo. Hata hajui kwamba anafanya hivyo. Basi na mimi bila kujua nikasimama vile vile, bunduki ndiyo fimbo, naangalia magunia. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Kuruta! Mguu wako mwingine umempa nani?"

Nilikuwa nimekwisha. Sajini akanizunguka kama anakagua gari bovu.

"Unalinda ghala au unachunga magunia?"

"Nalinda, afande."

"Korongo we!"

Jina likanikaa hilo, la ndege anayesimama kwa mguu mmoja. Nikapewa fatiki, yaani kazi ya adhabu, kuchimba mashimo ya taka. Sajini akaja kukaa juu ya kifusi akinitazama, maana mashimo yalikuwa yanakwenda haraka kuliko alivyotarajia.

"Baba yako anajua kwamba amezaa korongo?"

Sijui nini kilinipata, labda jua. Nikamweleza yote, kibuyu, mama mlangoni, ng'ombe hawajanywa. Nilitegemea atacheka. Alikuwa mtu wa kusini, mkali, anayeweza kukucheka hata ukifiwa. Badala yake akasema, "Mimi wangu sikumkuta. Chimba."

Nikafuzu, nikabaki platuni ileile. Halafu vita vikaja.

Tulipandishwa treni kuelekea magharibi. Nilijua reli inapita Gulwe, na nilikuwa nimeomba treni isimame. Ikasimama kweli, kupisha nyingine. Kamanda wa kombania, mkubwa wa platuni zetu zote, akatoa amri: hakuna kushuka, hata mtu mmoja. Sajini alikuwa behewa la mbele, mimi nilikuwa behewa la mwisho. Nikatoa kichwa dirishani.

Nikamwona baba. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Mchana kweupe, na hana ng'ombe! Alikuwa ameshika kibuyu.

Sisi wote nguo moja, kofia moja, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Hakuweza kunitambua katika kundi lile. Basi akaanza dirisha la kwanza. Akachukua maji mdomoni, akampulizia kichwani askari aliyechungulia, akasema, "Nenda urudi, mwanangu." Akaenda la pili. Askari mwanzoni walicheka, wengine wakamzomea. Lakini niliona vicheko vinakatika, halafu kofia zinavuliwa, kila dirisha anasubiriwa yeye. Mzee hakuruka kichwa hata kimoja.

"Baba! Baba mimi huku!" Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Nani angesikia? Mabehewa yote ya nyuma yalikuwa bado yanaimba.

Alikuwa amefika katikati treni ilipopiga honi na kuondoka. Behewa langu likampita kwa kasi. Alijaza maji mdomoni, akapuliza, yakaishia kwenye mabati ya behewa. Hakuniona. Nililia, wajukuu zangu, bila kujificha, na bunduki mkononi.

Mlango wa behewa ukafunguliwa. Sajini alikuwa amepita mabehewa yote mpaka kwangu.

"Korongo. Vua kofia."

Nikasimama mguu sawa, nikavua. Kichwa chake kilikuwa bado kibichi. Akapitisha kiganja juu yake, kisha akanipaka mimi, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

"Yule ni mzee wako, nimemjua. Haya ni yako, yamepitia kwangu tu."

"Na wewe, afande?"

"Yamebaki ya kunitosha. Kaa chini."

Nililitumikia jeshi miaka mingi baada ya vile vita. Nilifika kuwa sajini, nikawatisha makuruta kama nilivyotishwa, nikastaafu, na sasa nakaa hapa Zuzu kwa mama yenu mdogo. Nayapenda yote. Ningerudishiwa ujana, ningejiandikisha tena kesho asubuhi. Lakini mkiniuliza jeshi ni nini, siwezi kuwasimulia gwaride wala vyeo. Nawasimulia likizo yangu ya kwanza baada ya vita.

Nilimkuta baba mtoni, ananywesha. "Mbukwenyi, baba," nikamsalimu. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa chote.

"Sikukuona," akasema. "Kila treni ya askari nilikwenda, nikasema mmoja wao atakuwa wewe."

"Yalinifika, baba."

Nikamsimulia habari za sajini, na kiganja chake. Mzee akatabasamu. Kumbukeni sikuwa nimemwona baba yangu akitabasamu tangu nilipomwambia nakwenda jeshini.

"Huyo naye nilimwita mwanangu. Mbona hukuja naye?"

Nikainamia mchanga. Sajini aliuawa karibu na mwisho wa vita, hatua chache mbele yangu, na nilikuwa nimejiuliza njia nzima kama alinipa na maji ya kwake. Baba akanitazama, akaelewa. Akawaacha ng'ombe na ndama, mtu yule ambaye hakuwahi kuwaacha bila kunywa, akatembea mpaka nyumbani, nami nyuma yake. Akaketi mlangoni, akamwambia mama alete wembe. Kwetu anayenyolewa vile ni mzazi aliyefiwa.

Mama akanitazama mimi niliyesimama mzima mbele yake, akachanganyikiwa.

"Amekufa nani?"

"Mtoto wetu," baba akasema, akainamisha kichwa.