Friji Inaongea, Skrini Inasikia

Saa nne asubuhi, chumba cha kutunzia damu hospitalini. Mwanamke mmoja ameweka kompyuta yake juu ya kiti cha plastiki, yeye mwenyewe amesimama.

"Babu, fungua mlango."

Mzee mtunza damu, ambaye wote humwita Babu Barafu, anafungua friji. Kwenye skrini, namba ya joto inapanda: nne inakuwa tano. Tano inakuwa sita. Hakuna aliyegusa kitu!

"Mwanangu, hiki kidude kinajuaje?" anauliza mzee. Ni mara ya tatu tangu juzi.

Mwanamke huyu ni fundi wa programu. Anamweleza taratibu. Ndani ya friji mna kipimajoto, na joto likibadilika kinatuma habari. Ukurasa wa skrini umetega sikio; ukisikia, unaibadilisha namba ile tu, kwingine kote kunabaki vilevile.

"Hawa wawili hawajuani, Babu. Mimi ni mshenga tu."

Ukiitazama ile namba ikipanda peke yake, unashika mdomo.

Lakini mwezi uliopita ushenga huo ulimtia aibu. Nesi akifungua ukurasa, ukurasa ulitega sikio. Akihamia ukurasa mwingine, sikio lile lilibaki. Akirudi, likategwa la pili, la tatu. Kufika mchana, joto likizidi kidogo tu, kila sikio liliita, na kengele ikalia mara arobaini na mbili. Manesi wakachoka, wakazima sauti. Siku hiyohiyo friji ikafa kweli, na mifuko kumi na moja ya damu ikatupwa.

"Nilisahau mstari mmoja," anasema fundi, macho chini. "Ule wa kuuambia ukurasa: ukiondoka, acha kusikiliza. Mstari mmoja!"

Ameshauandika. Leo Sista mkuu amekuja kuupima.

"Kengele ikilia mara mbili, unabeba nyaya zako, tunarudi kwenye daftari la Babu la kuandika joto kwa mkono," anasema Sista.

"Sawa, Sista."

Sista anafungua ukurasa, anaufunga. Anafungua, anafunga. Mara thelathini, na anahesabu kwa sauti. Kisha friji inaachwa wazi. Sita. Saba. Nane.

Kengele inalia.

Wote watatu wanangoja ya pili. Kimya. Babu Barafu anamtazama fundi, fundi anatazama sakafu.

"Ndiyo basi?" anauliza Sista.

"Ndiyo basi."

"Haya. Babu, funga mlango, unatuharibia damu. Na sauti isizimwe tena."

Fundi anajifuta jasho, ndipo anataja ombi lake: kuziunganisha na skrini hii friji za zahanati nne za nje ya mji, zenye nesi mmoja mmoja.

"Nesi akiwa anazalisha, friji ya chanjo nani anaiangalia? Nataka aliyeko hapa aione, ampigie simu: dada, chanjo zako zinapata moto."

Sista anaitazama namba inavyoshuka yenyewe. Saba. Sita.

"Anza na ile ya mbali kabisa," anasema.