Simu Iliyokatika Mabatini

Juma lililopita, kwenye kaunta ya simu mjini Mwanza, nilimkuta mama mmoja akimsihi karani. Asubuhi ile mama huyo alikuwa ameitwa duka la jirani, mtaani kwao Mabatini, kupokea simu. Mwanawe, aliyekwenda kuchimba dhahabu na kupotea tangu masika, alisema "Mama" tu, laini ikakatika.

"Nisaidie baba, nijue ilitoka wapi."

"Simu haiachi nyayo, mama," alijibu karani, lakini akawauliza wenzake wa mitambo. Iliunganishwa kutoka kaunta ya simu ya Geita. Akapiga huko, akasikiliza, akampa mama mkono wa simu.

"Bado yuko pale. Anasubiri laini."

Mama aliushika kwa mikono miwili.

"Umekula?" akauliza.

Foleni nzima tulikuwa na haraka. Hakuna aliyemwambia afupishe.